Mafuta ya Ganda la Korosho na Mng'aro wa Vyombo vya Baharini

Chombo cha mbao kinapofifia ubavu, si uzuri pekee uliopotea. Mbao iliyofifia imekaukiwa na mafuta yake. Jua huipasua, maji hupenya katika nyufa, na wadudu wa baharini watobao mbao hupata pa kuingilia. Kwa hiyo kurejesha mng'aro ni suala la usalama wa mabaharia kabla ya kuwa pambo.

Tangu zamani mabaharia wa mwambao hupaka sifa, yaani mafuta ya ini la papa, sehemu ya juu ya chombo, na deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, sehemu inayozama majini. Hata hivyo, papa wamepungua sana katika Bahari ya Hindi, na sifa hupatikana kwa taabu. Mojawapo ya badala zake hutoka mahali pasipo na bahari, nayo ni mafuta ya ganda la korosho.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini yake upande wa magharibi. Wilaya hizo za Mkoa wa Mtwara hazina pwani, lakini zina mikorosho mingi. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi, ambayo hufikia kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Nchini India wavuvi wamezoea kuyapaka mitumbwi yao, kwani huzuia maji na huchukiwa na wadudu. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa ng'ambo zikiwa ghafi, hivyo ganda huondoka pamoja na mafuta yake. Mahali zinapobanguliwa ndipo mafuta hayo yanapoweza kupatikana.

Utaratibu wa kupaka ni huu:

1. Chombo kipandishwe pwani wakati wa bamvua, kikwanguliwe na kusuguliwa kwa makumbi ya nazi.
2. Kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikauke kivulini kwa siku kadhaa. Mafuta hayashiki juu ya mbao mbichi.
3. Nyufa zitiwe kalafati, na mbao zipigwe msasa.
4. Mafuta yapakwe kwa wepesi, na mkono wa pili usubiri wa kwanza ukauke.

Inasisitizwa kwamba mafuta mabichi ya ganda huunguza ngozi na kuacha malengelenge. Mwenye kupaka avae glavu, afunike macho, na watoto wawekwe mbali. Mafuta yaliyopikwa hupungua ukali na hukauka vyema zaidi. Lakini yanapopikwa hufura kwa povu na kutoa moshi unaochoma macho na kifua. Kazi hiyo ifanywe na wenye ujuzi, mahali pa wazi, katika chombo kisichojazwa zaidi ya nusu.

Aidha, ifahamike kwamba mafuta haya hayafai kwa boti za faiba. Hizo hufifia kwa kuunguzwa na jua juu ya ngozi yake. Hutosha kuoshwa, kupigwa msasa laini wenye maji na kung'arishwa kwa nta.

Mng'aro hauzibi tundu. Mwenye chombo akague mbao kwanza, ndipo apake. Rangi nzuri juu ya mbao iliyooza humdanganya nahodha, wala haiidanganyi bahari.