Kabla ya Kuuza Randa Kuukuu kwa Kilo

Nilitembelea kikundi kimoja cha maseremala nikakuta wameshauza sanduku la vyombo vya zamani kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Ndani mlikuwa na randa nne. Zilikuwa za aina gani? Hakuna aliyeziangalia, zilipimwa tu kwa mizani.

Wako watu, hasa Uingereza na Marekani, wanaokusanya randa za zamani na kuzilipia vizuri. Lakini si kila kitu kuukuu ni adimu, jamani. Randa za Stanley namba 4, za inchi 9 hivi, na namba 5, za inchi 14, zilitengenezwa kwa wingi sana. Faida yake ni kufanya kazi. Inayotafutwa ni kama Stanley namba 1, kadogo, inchi 5 na nusu tu. Pia zile za T. Norris wa London, mwili wa chuma uliojazwa mbao ngumu ndani.

Kujua umri, toa kisu, kisha tazama sakafu ya randa nyuma ya kile kipande ambacho kisu hulalia. Kwenye Stanley unaweza kukuta MAR-25-02 na AUG-19-02. Hizo ni siku za mwaka 1902 ambapo mvumbuzi alipewa haki yake huko Marekani. Wengi hukosea hapa: si siku randa ilipotengenezwa! Ni kusema tu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ikiwa na APR-19-10 pia, basi ni ya 1910 au baadaye. Na jina lililo kwenye kisu lisikudanganye, maana visu hubadilishwa. Angalia pia mdomo wa randa. Ukiwa na ufa, bei huanguka.

Tafadhali msiipige msasa wala grainda ndipo ing'ae. Mkusanyaji anataka ile rangi ya uzee. Futa vumbi, paka mafuta ya cherehani kidogo, piga picha pande zote. Ikiwa ni mali ya kikundi, bei iamuliwe mkutanoni na kuandikwa daftarini, si mweka hazina peke yake na mnunuzi kule barabarani.

Kile kikundi kimebaki na randa moja, namba 5. Wanaitumia kila siku, nami sikuwashauri waiuze.