Jina la Biashara Yako, Anwani ya Nani?

Mkulima wa parachichi Rungwe mkoani Mbeya, au mwenye nyumba ya wageni mjini Iringa anayepokea watalii wa Hifadhi ya Ruaha, akitaka tovuti hukutana mapema na swali la kikoa, yaani anwani ya tovuti: achukue .com au .co.tz? Kwa biashara nyingi za Nyanda za Juu Kusini, .co.tz inatosha na inafaa. Ila uamuzi huo hauna maana kama kikoa kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kila nchi ina herufi zake mbili. Zetu ni .tz, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Chini yake kuna mafungu: .go.tz ni ya serikali, .ac.tz ya vyuo, .sc.tz ya shule, .or.tz ya asasi, .co.tz ya biashara. Anayeona mbeya.go.tz anajua ni ofisi ya mkoa, na anayeona must.ac.tz anajua ni chuo kikuu, hata kabla hajafungua ukurasa. Google nayo huichukulia .tz kama dalili kwamba tovuti inawalenga watu wa Tanzania. Hata hivyo, .co.tz haithibitishi uaminifu wa muuzaji. Inaonyesha tu soko analolihudumia.

Wapo watakaosema mtalii wa Ulaya amezoea .com. Ni kweli, na anayeuza nje asajili zote mbili, moja impeleke mteja kwenye nyingine. Wengine watasema ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp vinatosha. Vinatosha kuanzia, lakini ukurasa ule uko chini ya masharti ya kampuni nyingine. Ukifungwa, wateja hawajui wakutafute wapi. Kikoa unaweza kukihamishia kwa mtoa huduma mwingine, na anwani iliyochapwa kwenye mifuko ya kahawa ikabaki ileile. Wapo pia wanaodhani kwamba kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kumeshawapa kikoa. Hizo ni daftari mbili tofauti: kwenye vikoa, kwa kawaida anayewahi ndiye anayepata.

Kwa hiyo chagua jina fupi, linaloandikika bila kuuliza pale mteja anapolisikia kwenye simu. Epuka vistari, tarakimu na maneno ambayo watu huchanganya l na r ndani yake. Kisha nenda kwa msajili aliyeidhinishwa, hakikisha jina halijachukuliwa, ujaze fomu. Hapo ndipo pa kukaza macho. Fundi anayetengeneza tovuti mara nyingi hujaza jina lake na baruapepe yake ili kazi iende haraka, bila nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo taarifa za kulipia zinaingia kwake, na kwenye kumbukumbu mmiliki ni yeye. Akihama, akibadili simu au mkikosana, kikoa kinaweza kuisha muda bila wewe kujua, na mtu mwingine akakichukua. Mlipe fundi kwa ufundi wake, ila sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako au la kampuni, baruapepe iwe unayoifungua mwenyewe, na nywila uitunze wewe. Ada ya mwaka iingize kwenye bajeti pamoja na leseni na pango.