Gari Kuukuu Lahitaji Msamiati

Niliponunua gari kuukuu aina ya Peugeot 504, wenzangu chuoni walicheka. Walisahau kwamba gari hilo, lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, lilishinda Mbio za Safari mwaka 1975 na 1978.

Hata hivyo, sifa hazizibi kutu. Kabla ya kulipa nililinganisha nambari ya chasisi na ile ya hati ya usajili, kisha nikainama kuchungulia kutu iliyofichwa na rangi mpya.

Mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, walinitajia kabureta, klachi na gasketi, wakanionyesha kazi ya kila kimoja. Hayo nayo ni Kiswahili. Asiyejua jina la kipuri huuziwa asichokihitaji. Walimu wenzangu, tusiyadharau maneno hayo madarasani.