Usiuue Mti Wako kwa Maji!

Bila shaka umewahi kuingia sebuleni kwa jirani ukauona areka, ule mti wa mapambo wa jamii ya mnazi, umesimama karibu na dirisha, makuti yake yamejipinda kwa madaha. Nawe ukatamani. Ukaenda kwa wauza maua walio kando ya barabara, ukatoa pesa zako na kuubeba nyumbani. Miezi michache baadaye, makuti yanageuka manjano, nawe unazidi kuumwagia maji. Msomaji, hapo ndipo unapouua.

Asili ya areka ni Madagaska. Huko hupata mvua, lakini maji hupita udongoni yakaenda zake. Ndani ya chungu hayana pa kwenda. Yakituama, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza hauwezi kufyonza maji, kwa hivyo mti hunyauka kana kwamba una kiu. Mwenyewe akiona hivyo, huongeza maji!

Ufanye nini basi? Kabla ya kunyunyiza, tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, uache mti wako. Ukihisi ukavu, mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha uyamwage yale yaliyobaki kwenye kisahani. Hakikisha chungu kina matundu, na udongo umechanganywa na mchanga. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, udongo huchelewa kukauka, hivyo punguza maji.

Mti huu haupendi kona yenye giza. Uweke mahali penye mwangaza, lakini usichomwe na jua kali la adhuhuri. Pangusa makuti kwa kitambaa kibichi, na utazame upande wa chini, kwani huko ndiko utitiri hujificha.

Ncha zikiwa za kahawia, huenda ni hewa kavu au chumvi iliyo katika maji. Maji ya visima vingi vya Nairobi na Nakuru yana floridi nyingi, na areka haipendi. Kinga maji ya mvua, uyatumie hayo.

Mwisho, mti ukikaribia dari usithubutu kuukata kichwa. Kila shina lina kichipukizi kimoja tu, nacho kiko juu kabisa. Waulize wakulima wa minazi wa Kilifi na Kwale: chonga akishafikia moyo wa mnazi, mti huo umekwisha. Areka ni vivyo hivyo. Afadhali kuuhamishia barazani, penye kivuli.

Na kuti moja la chini likigeuka manjano, usiwe na wasiwasi. Hayo ni uzee tu. Lingoje likauke, ndipo ulikate. Lakini yakiwa mengi kwa pamoja, weka mtungi chini na utie kidole udongoni kwanza.