Alama za Taifa na za Kaunti: Maana Yake na Wajibu Wetu

Bendera inayopepea katika afisi ya chifu, wimbo unaoimbwa shuleni na nembo iliyo kwenye pasipoti si mapambo. Kifungu cha 9 cha Katiba kinataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa na muhuri wa umma. Makala haya yanaeleza maana ya alama hizo, na jinsi mkazi anavyoweza kuziheshimu bila kuvunja sheria wala kutapeliwa.

Bendera
Bendera ya Kenya ilipandishwa mara ya kwanza saa sita usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Kisoi Munyao alipewa kazi ya kuipeperusha juu ya Mlima Kenya. Rangi nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na maliasili, na milia myeupe ni amani. Ngao na mikuki ni ishara ya utayari wa kuulinda uhuru huo.

Wimbo
Sauti ya wimbo wetu ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembeleza mtoto. Jopo la wanamuziki watano liliutayarisha kabla ya uhuru. Kwa hivyo wimbo tunaousimamia kwa heshima ulianzia kwa akina mama wa kijijini, wala haukuletwa kutoka nje.

Nembo
Nembo ina simba wawili walioshika mikuki na ngao. Katika ngao yupo jogoo aliyeshika shoka. Chini upo Mlima Kenya pamoja na mazao: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi, kisha neno Harambee. Tangu mwaka wa 2018, sarafu mpya zina nembo hii upande mmoja na picha za wanyama mahali palipokuwa na picha za marais, kwa kuwa Katiba hairuhusu picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu.

Alama za kaunti
Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inaitaka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake. Kamati Tendaji ya Kaunti huandaa alama hizo kwa kushauriana na wananchi, kisha Bunge la Kaunti huziidhinisha kwa kutunga sheria. Alama hizo haziruhusiwi kufanana na za taifa. Sababu ni rahisi: mwananchi akiona barua, ajue mara moja kama imetoka kwa serikali ya kitaifa au ya kaunti. Kunapotolewa tangazo la kukusanya maoni kuhusu alama, jitokeze useme ni kitu gani kinachowakilisha eneo lenu.

Mambo ya kuzingatia
• Wafanyabiashara: Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inakataza kutumia bendera au nembo ya taifa kuendeleza biashara bila idhini ya maandishi ya waziri. Kabla ya kuchora nembo kwenye bango la duka au pakiti ya bidhaa, tafuta idhini.
• Shule na afisi: Bendera iliyochanika au kupauka ibadilishwe. Kuiacha ikining'inia vipande vipande ni kuivunjia heshima.
• Maombolezo: Bendera hupeperushwa nusu mlingoti kwa agizo la Rais, wala si kwa uamuzi wa afisi moja moja.
• Matapeli: Nembo ni rahisi kunakiliwa kwa kompyuta. Barua yenye nembo inayokuahidi kazi, basari au ploti na kukutaka utume pesa kwa simu ya mtu binafsi, usiiamini kwa sababu ya nembo peke yake. Ipeleke kwanza katika afisi ya wadi au ya kaunti ndogo ikaguliwe. Ukishatapeliwa, piga ripoti kwa polisi na uhifadhi barua hiyo kama ushahidi.

Alama hizi zina nguvu kwa sababu wananchi wanaziamini. Anayezitumia kulaghai anaharibu imani hiyo, na hasara inamfikia kila mkazi anayehitaji stakabadhi halali ya serikali. Tuziheshimu, na tuwaeleze watoto wetu maana yake.