Mji wa Mabati

Fungeni kamba za viatu, wajukuu zangu. Leo tunapanda bonde la mto Derwent, Derbyshire, katikati ya Uingereza, na mvua ya huko haipigi hodi.

Tunaanzia bwawa la Ladybower, lililojengwa kati ya 1935 na 1943. Chini ya maji haya palikuwa na vijiji viwili, Derwent na Ashopton. Wenyeji walihamishwa, hata maiti wa makaburi ya kanisa walifukuliwa wakazikwa upya Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa, ukawa unachungulia juu ya maji mpaka 1947 ulipolipuliwa. Kukiwa na ukame mkali, kama 1976 na 2018, misingi ya nyumba huibuka na watu humiminika kuitazama.

Mbele kidogo ni ukuta wa bwawa la Derwent, wa mawe matupu, una minara miwili kama ngome. Mwaka 1943 marubani wa kijeshi walifanya mazoezi hapa ya kuruka chini chini, kabla ya kwenda kulipua mabwawa ya Ujerumani. Juu yake kuna la tatu, Howden.

Sasa niulizeni: mawe yote haya aliyabeba nani?

Kuanzia 1901 mpaka 1916 kuta hizi mbili za juu zilijengwa ili miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester, iliyojaa viwanda na watu, ipate maji. Mawe, zaidi ya tani milioni moja, yalitoka machimbo ya Bole Hill, yakaletwa kwa reli iliyotandikwa kwa kazi hiyo tu. Vibarua wa zama zile walitangatanga kutoka kazi hadi kazi, wakilala katika vibanda vichafu. Safari hii wakubwa wa mradi waliwajengea mji mzima, Birchinlee. Kuta mabati, paa mabati, ndani mbao za kuzuia baridi. Watu wakauita Mji wa Mabati.

Waliishi humo kama watu 900, wake na watoto wakiwemo. Palikuwa na shule, hospitali, maduka, posta, polisi, ukumbi wa starehe, na kilabu cha bia pia. Lakini huingii hivi hivi! Mgeni aliyekuja kutafuta kazi alitengwa kwanza, akaogeshwa na kukaguliwa, maana ndui na chawa waliogopwa sana. Msidhani ilikuwa huruma tupu. Kibarua mgonjwa hajengi ukuta, na wakubwa walilijua hilo vizuri. Hata hivyo mtoto aliyelala pakavu alilala pakavu.

Kazi ilipokwisha, mji ulibomolewa. Nyumba moja ilihamishiwa kijiji cha Hope, na ingalipo. Bondeni yamebaki matuta zilikokaa nyumba, chini ya miti. Mimi hupenda kusimama hapo kuliko penye minara.

Tukizidi kupanda, juu kabisa ya bwawa la Howden, tutafika Slippery Stones, kwenye daraja dogo la mawe la farasi wa mizigo. Lilikuwa kijijini Derwent. Kabla maji hayajajaa, lilivunjwa, kila jiwe likapewa namba, na likajengwa upya hapa mwaka 1959. Kaeni juu yake mle mikate yenu. Kisha tugeuke mapema, maana kurudi ni mwendo ule ule.