Mashine ya Gemu Bila Diski: Nani Mwenye Mali?

Ukipita jioni mitaa ya Rahaleo, hapa mjini Mtwara, si ajabu kukuta kibanda chenye televisheni, benchi moja na vijana wanaobishana kana kwamba wako uwanja wa Nangwanda Sijaona. Wanacheza gemu. (Sizungumzii zile mashine za bonanza, za kamari, hicho ni kisa kingine.)

Mashine iliyovilea vibanda vya namna hii ni PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kampuni ya Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa nini basi imeishi muda mrefu hivyo mikononi mwa mafundi wetu? Kwa sababu haiombi ruhusa kwa mtu. Tia diski, washa umeme, cheza. Jicho la kusomea likichoka, fundi analibadilisha. Pedi ikifa, inanunuliwa nyingine.

Hebu sasa tutazame biashara yenyewe ilivyo. Wengi wetu tunakijua king'amuzi: boksi lenyewe huuzwa kwa bei ya kuvutia, kisha kila mwezi unalipia. Mashine za gemu nazo zina hesabu kama hiyo. Mwaka 2006 Sony ilitoa PlayStation 3 kwa dola 499 na 599 huko Marekani, bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Hasara ile ilitegemewa kufidiwa kwenye gemu, maana kila gemu inayouzwa, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, mwenye mashine hupata fungu lake. Diski inayoazimwa au kuuzwa kwa mtu wa pili haimpi kitu.

Basi tundu la diski likaanza kuondolewa. Novemba 2020 PlayStation 5 ilitoka kwa namna mbili: yenye tundu dola 499, isiyo nalo dola 399. Mwenye kibanda akiona ile ya rahisi atafurahi. La hasha! Hiyo hununuliwa gemu katika duka moja tu, la kampuni yenyewe kwenye intaneti, na Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka hilo. Vijana wetu hujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine na kununua kadi za malipo kwa watu wa kati. Hayo ni kinyume cha masharti, na akaunti ikifungwa, gemu zote zimekwenda nayo.

Si jambo la kubuni. Mei 2024 gemu ya kompyuta iitwayo Helldivers 2 iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako mtandao wa Sony haupo, baada ya wachezaji kuambiwa lazima wajiandikishe humo. Kelele zilipozidi, sharti likafutwa. Na diski nayo si kinga kamili: Machi 31, 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na aliyekuwa na diski yake akabaki na sahani tupu.

Nikiri pia kwamba diski nyingi za vibandani zilikuwa za kunakili, na mtengenezaji hakuambulia hata senti. Hilo ni kosa. Lakini halihalalishi kumwuzia mtu mashine ambayo duka lake halimtambui.

Kwa hiyo wewe unayesubiri fedha za korosho ili ufuate mashine Kariakoo, uliza kwanza kama ina tundu la diski. Ukiambiwa kisomeo huuzwa pembeni, kama ilivyo kwa PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699 bila kisomeo, beba na hesabu ya bando: kisomeo hicho hakifanyi kazi mpaka mashine iunganishwe kwanza na intaneti, kampuni ikitambue.